Tupeni Fungu Letu la Nambari

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya,
Waiyaki Way, Nairobi.

KUH: OMBI LA NAMBARI ISIYOFUTWA

Pokeeni salamu kutoka Lodwar, Turkana, ambako jua ni la bure na mtandao ni wa majaliwa.

Tunashukuru kwa jinsi mnavyolinda tarakimu za taifa zisifujwe. Tumeelewa: laini ikikaa kimya miezi kadhaa, kampuni huifunga, na nambari yake huuzwa kwa mteja mwingine. Huko kwenu ni sawa kabisa, maana mtu wa Westlands akinyamaza muda wote huo huenda ameshazikwa. Huku kwetu amehamisha mifugo. Amefuata nyasi nyuma ya milima ya Loima, mahali pasipo na mnara, na simu ameizima ili chaji isiishe. Akirudi mjini anakuta laini imekufa. Anaazima simu ya jirani, anajipigia mwenyewe. Anapokea kijana wa Thika, ambaye ameshachoka kuulizwa kama mvua imenyesha Loima. Naye kijana ana kilio chake: anadaiwa mkopo asioujua, wa mwenye nambari wa kwanza.

Kakuma ndiko kuna uzito. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwapelekea wakimbizi wa kambi ya huko sehemu ya msaada wao kupitia laini ya simu, likauita mpango huo Bamba Chakula. Pale, anayepoteza laini hapotezi salamu tu.

Mnasema nambari ni haba, ndiyo maana 2019 mkatuletea 01, kwa kuwa 07 ilikuwa inajaa. Basi tukaketi chini ya mti tukapiga hesabu. Kiambishi kimoja, tuseme 0722, hufuatwa na tarakimu sita. Hizo ni nambari milioni moja. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 926,976 katika kaunti nzima ya Turkana. Yaani sote, hata mtoto aliyezaliwa usiku ule wa Agosti 24, tunatoshea katika kiambishi kimoja, na zinabaki 73,024. Hizo tutawagawia ngamia. Nao pia huhama.

Na msituambie mitambo haikubali kututengea kiambishi chetu. Kabla Sudan Kusini haijapata 211 yake mwaka 2011, laini za Gemtel kule Juba zilitumia 256 ya Uganda. Aliyempigia mjomba wake Juba alibonyeza Uganda, na mjomba akapokea. Hakuna mtambo uliolalamika.

Kwa hiyo tunaomba: tutengewe kiambishi hicho kimoja, laini iliyosajiliwa Turkana isifutwe kabla ya viangazi viwili kupita, na mwenyewe atafutwe kupitia chifu wake kwanza. Hilo likiwashinda, jengeni minara Loima.

Tafadhali jibuni kwa barua. Kwa simu hatuwezi kuwahakikishia nani atapokea.

Wenu watiifu,
Wateja Wasiopatikana kwa Sasa,
Lodwar na Kakuma.