Ngeli za Theluji na Ngeli za Wanaoikanyaga

Juu ya mji wa Davos, Uswisi, wataalamu wamekuwa wakiichimba na kuipima theluji tangu kabla ya mwaka 1942, taasisi yao ilipoanzishwa rasmi. Kwa hiyo theluji inayoporomoka imeainishwa vya kutosha, nasi tutaipitia haraka.

Ngeli ya kwanza ni theluji legelege: huanza kumomonyoka mahali padogo, ikatanuka kadiri inavyoshuka. Ya pili ni theluji tepetepe, ambayo hulainishwa na jua la machipuo. Ya tatu huteleza nzima nzima juu ya nyasi za mteremko. Hutangulia kufungua ufa mpana, kisha ikakaa siku kadhaa au wiki kabla ya kuamua.

Ya nne, bamba, ndiyo inayoua wanaskii wengi. Upepo huirundika theluji ikashikamana juu ya tabaka dhaifu. Chimba shimo uchote theluji ya tabaka hilo: chembe zake ni kubwa, hazishikani, zinamwagika vidoleni kama sukari. Mtu mmoja akikanyaga, tabaka linavunjika, ufa unakimbia, na mteremko mzima unaondoka kwa mpigo. Kwa kawaida hutokea penye mwinamo wa nyuzi 30 au zaidi.

Sasa tuje kwa mkanyagaji, kiumbe ambaye sayansi ilichelewa kumfikia. Mmarekani Ian McCammon alipochambua ajali za maporomoko ya theluji nchini kwake, miaka ya mwanzo ya 2000, aliona kuwa wengi waliozikwa walikuwa na mafunzo na dalili za hatari zilikuwa wazi mbele yao. Kazi yake tunaiendeleza hapa bila kibali chake.

(a) Mwenyeji. Mteremko anaujua tangu utotoni. Utafiti wetu haujapata ushahidi kwamba mteremko nao unamjua.

(b) Mfuata-nyayo. Akiona alama za waliotangulia, huhesabu kuwa mtihani umeshafanywa na majibu yametoka. Hajui kuwa unene wa bamba hubadilika hatua kwa hatua, na wa kumi anaweza kukanyaga palipo pembamba ambapo tisa hawakugusa.

(c) Mwenye Vifaa. Amebeba transiva (redio ya kumtafutia aliyefukiwa), koleo, fito ya kuchokolea na mfuko wa hewa, vyote vipya. Vifaa ni vya lazima, ila karibu vyote vinaanza kazi balaa likishatokea. Aliyefukiwa hutegemea wenzake wamfukue ndani ya dakika 10 hivi. Baada ya hapo matumaini hushuka kwa kasi.

(d) Msoma-namba. Hatari ya maporomoko hutangazwa kwa viwango, 1 hadi 5. Yeye huona 3, akakumbuka shule: tatu kwa tano ni kupasi. Kumbe kiwango cha 3 maana yake ni hatari kubwa, na vifo vingi zaidi hutokea siku hizo kwa sababu ikitangazwa 4 hata yeye hubaki hotelini.

(e) Msitahi. Amesikia theluji ikiguna chini ya miguu yake, sauti nzito ya tabaka linalobonyea. Amesikia, akanyamaza, asije akaonekana mwoga. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Huyu hata kurudi nyumbani ni bahati.

Matokeo: katika ajali za wanaskii, takriban mara tisa kati ya kumi poromoko huangushwa na mhanga mwenyewe au mtu wa kundi lake. Mlima hufanya sehemu ndogo ya kazi.

Tunapendekeza hivi. Taarifa ya hatari ya Uswisi hutoka saa 11 jioni. Isome yote, si namba tu. Ikiwa mabamba yametajwa, chagua miteremko ya chini ya nyuzi 30 isiyo na mikali juu yake. Kisha jitafute katika orodha hii. Anayejikuta katika ngeli mbili kwa siku moja, asitoke.