Sifa za Mdaiwa Sugu

Biashara ikitimiza mwaka, mwenyewe humshukuru Mungu, wazazi na wateja waliolipa. Mungu anastahili, na wazazi pia. Wateja waliolipa walishashukuriwa siku ileile: walikabidhiwa mzigo na risiti, wakaenda zao, na wengi wao sijawaona tena. Aliyebaki nami mwaka mzima ni mdaiwa sugu, na hakuna aliyewahi kumsifu hata kwa sentensi moja. Hiyo ni dhuluma.

Kazi yetu hapa Sinza ni kubuni kadi za harusi, nembo, fulana za vikundi na mabango ya maduka. Anayeijua Dar es Salaam anajua kwamba kabla ya kadi ya mwaliko huja kadi ya mchango, inayosambazwa mapema ili ndugu, majirani na wafanyakazi wenzako waahidi fedha. Kisha kamati inakaa vikao, mwenyekiti, katibu na mweka hazina, majina yanasomwa: nani kaahidi, nani kapunguza, nani hapokei simu. Basi kadi hiyo, ambayo kazi yake duniani ni kuomba hela, hubuniwa kwa mkopo. Mimi naidai kamati, kamati inawadai waalikwa, waalikwa wanamdai mwajiri. Akitokea mmoja akalipa kwa pupa, mji mzima utakosa cha kuzungumza.

Mfaransa Rabelais aliliona hilo zamani. Katika kitabu chake cha mwaka 1546 alimpa mhusika wake, Panurge, hotuba ndefu ya kusifu madeni, kwamba ulimwengu wenyewe umesimama kwa kukopeshana. Ila Panurge alikuwa mkopaji. Mimi nasifu nikiwa upande wa pili wa daftari, kwa hiyo ushahidi wangu una uzito zaidi.

Mdaiwa amenifanya mcha Mungu. Sijui mtu ninayemwombea afya na maisha marefu kuliko yeye. Mmoja alipolazwa, nilifika wodini kabla ya shemeji zake, na machozi yangu hayakuwa ya kuigiza. Amenisomesha pia. Nilianza nikiamini ubunifu ni rangi na herufi, yeye akanifundisha kuandika: tarehe, kiasi, sahihi, shahidi. Wenye elimu ya dini wataniambia hilo si geni, kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Sura al-Baqara, inahusu hasa kuandika deni. Sawa, lakini aliyenifanya niifungue ni mwenyekiti wa kamati aliyeondoka na kadi 300.

Na lugha je! M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, watu walidhani visingizio vimekufa, maana hela sasa inakaa kiganjani, haisubiri benki ifunguliwe. Walimdharau mdaiwa bure. Alikuja na fasihi mpya kabisa. "Nimetuma, imerudi." "Mtandao unasumbua upande wangu." "Nimefikia kikomo cha leo." "Nilituma namba nyingine, subiri wairudishe." Na mweka hazina kasafiri, siku zote kasafiri, tena mahali pasipo na mnara. Kila ujumbe unafungwa kwa maneno mawili yaliyojaa upendo: tupo pamoja. Ni kweli tupo pamoja. Mimi na yeye hatujaachana tangu Machi.

Tena ananikinga na makuu. Vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilivyoanza kugawiwa Desemba 2018, kwa shilingi 20,000 kimoja, vililenga wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Nikihesabu fedha iliyofika mkononi badala ya kazi iliyotoka mlangoni, naona jinsi mdaiwa anavyojitahidi nisije nikavuka kundi hilo.

Wasiomjua humwita mtu asiyelipa. Wanamsingizia. Muuza karatasi wa Kariakoo hakopeshi, na kalipwa. Mwenye mashine ya kuchapa haiwashi mpaka aione hela, na kaiona. Ukumbi umelipwa, mpishi kalipwa, mpambaji na MC wamepewa vianzio vyao mapema. Kwangu tu ndipo anapojisikia nyumbani. "Dada, wewe si unabonyeza tu kompyuta?" aliniuliza mmoja kwa upole, na tangu siku hiyo namhesabu miongoni mwa wanafalsafa. Karatasi huhesabiwa kwa rimu na mchele hupimwa kwa kilo, lakini usiku niliokesha nikitafuta namna majina mawili ya ukoo yatakavyokaa kwenye mstari mmoja hauna mzani wake. Kisicho na mzani hakina bei, na kisicho na bei kitadaiwaje? Chuo kikuu wangempa shahada kwa hoja hiyo. Ada angelipa awamu kwa awamu.

Bingwa wao wote ni mwenye duka mmoja wa mtaa wa pili. Alikuja kuagiza bango la maneno ambayo kila duka la Uswahilini linayo: KUKOPA HARUSI, KULIPA MATANGA. Alitaka herufi nyekundu, nene, zisomeke kutoka barabarani, akanirudisha mara kadhaa mpaka neno KULIPA likae sawa. Liko ukutani kwake, linapendeza, na nasikia limepunguza sana wakopaji. Hajalipa.

Sifa zikizidi humpa mtu kiburi, kwa hiyo naishia hapa. Kazi za mwaka wa pili zinaanza baada ya kupokea kianzio cha asilimia 70. Kwa waheshimiwa wa mwaka wa kwanza, namba ya kulipia haijabadilika.