YAH: Maombi ya Kupangiwa Vifo vya Ndugu Zetu

Kwa wakubwa wa makaratasi ya ukaaji, Uingereza.

Shikamooni. Tunatumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba hakuna kati yenu aliyefiwa. Sisi pia wazima, isipokuwa wale waliofiwa.

Kwanza pongezi. Februari 2022 mlitufungulia mlango wa kazi ya kea tuje tuwalee wazee wenu, na Julai 2025 mkaufunga. Tulikuja tukijua kwamba baada ya miaka 5 mtu anaomba ukaaji wa kudumu, kisha mwaka mwingine, uraia. Novemba 2025 mkapendekeza iwe miaka 15 kwa watu wa kazi kama yetu, hata waliokwishafika. Anayeingiza pauni 125,140 kwa mwaka, miaka 3 mfululizo, apunguziwe miaka 7 ya kungoja. Anayejitolea bila malipo naye apunguziwe. Kwa hiyo nikimwogesha bibi yenu kwa mshahara, nangoja. Ningemwogesha bure, ningehesabiwa mwananchi mwema. Tumeelewa.

Maombi madogo tuyamalize upesi. Ule mtihani wa maisha ya Uingereza, pauni 50, maswali 24: wake sita wa Mfalme Henry VIII tumewakariri wote, aliyeachwa, aliyekatwa kichwa, aliyefia uzazi. Tunaomba swali moja tu lihusu bei ya nepi za watu wazima, hilo tunalijua bila kufungua kitabu. Halafu Kiingereza. Katika orodha yenu ya nchi zinazokizungumza, Malta imo, Kenya haimo. Wenzetu Wakenya waliochapwa shuleni kwa kusema lugha za mama zao wanaomba warudishiwe viboko vyao.

Sasa ombi lenyewe.

Sheria tunaijua. Ukishapeleka maombi ya ukaaji wa kudumu na maelfu yako ya pauni, unatulia ulipo. Jibu linaweza kuchukua hadi miezi 6. Ukipanda ndege kwenda kwenu kabla halijatoka, mnahesabu umeyaondoa maombi mwenyewe. Na kama viza ya zamani imekwisha ukiwa unangoja, huna pa kurudia. Tatizo ni ndugu zetu, waheshimiwa. Wanakufa ovyo. Wanakufa masika, wanakufa Ramadhani, wanakufa bila kuuliza maombi ya mtoto yamefikia wapi. Ndiyo maana tunaomba muwafungulie dirisha lao, kwa kuanzia na Fomu ya Maombi ya Kufariki.

Mzee wa Muheza anayekusudia kufa aijaze miezi 6 kabla. Aambatishe picha mbili za pasipoti, nyuma peupe, bila kutabasamu. Cheti cha daktari kilichotafsiriwa na mfasiri anayetambulika. Taarifa ya benki kuonyesha kwamba sanda, ubao na pilau ya matanga vitalipwa bila kugusa fedha za umma wa Uingereza. Aorodheshe kila safari aliyotoka nje ya kaya yake kwa miaka 10, tarehe ya kwenda na ya kurudi, za kisimani zikiwemo. Athibitishe kwamba mimi ni mwanawe kweli. Picha moja akiwa amenibeba mgongoni haitoshi, huenda ni mtoto wa jirani; alete kumbukumbu za mawasiliano, kila simu aliyonipigia kuniuliza kama huku kuna ugali. Kwa pauni 500 za ziada apate jibu ndani ya siku 5 za kazi. Kwa 1,000 apate kesho yake, kama mnavyotuuzia sisi, na huduma hii itawafaa hasa Waislamu, ambao mtu akikata roho alfajiri, alasiri yuko kaburini.

Akikataliwa, aandikiwe kwa adabu ile ile tuliyoizoea: “Tumeyapitia maombi yako. Ingawa unaeleza kwamba una miaka 83 na moyo umechoka, hatukuridhika kwamba una nia ya kweli ya kuondoka.” Na sharti moja liandikwe kwa wino mzito: mwombaji akiondoka duniani kabla jibu halijatoka, atahesabiwa ameyaondoa maombi yake mwenyewe, na ada hairudi.

Mnacheka? Alfajiri moja mimi na mwenzangu wa zamu tulikuwa tunamwosha bibi wa Kiingereza aliyekuwa amekata roho saa kumi. Tulimpangusa uso, tukamchana nywele, tukafungua dirisha kidogo kwa sababu bintiye aliomba hivyo. Simu ya mwenzangu ikawa inatetema mfukoni. Alikuwa kaka yake, Moshi: mama yuko mochwari, tukungoje au tuzike? Binti wa bibi alikuwa barabarani anakuja. Mwenzangu, aliyetangulia kuja kwa mlango mwingine, alikuwa mwezi wa nne wa kungoja jibu lenu. Akasema zikeni, akachukua tena kitambaa. Mazishi tuliyatazama kwenye simu tuliyoiegemeza kwenye chupa ya dawa ya mikono, na picha iliganda koleo la kwanza lilipoinuliwa.

Mlikuwa mnaogopa nini? Pesa yake mnayo. Alama za vidole mnazo, vyeti mnavyo, hesabu ya kila siku aliyotoka nje mnayo. Huyu ndiye anayewafumba macho mama zenu. Mlidhani akienda kumzika wake atanogewa na msiba asirudi kuwabadilishia nepi? Huko kwao sasa wapo wasiomsemesha, na hakuna fomu ya kuwaeleza.

Tuwieni radhi. Sauti imepanda, na tabia njema ni sharti la uraia.

Kuhusu uraia wenyewe hatutawachosha. Mtanzania akishamwapia Mfalme Charles, wa nyumbani nao wanaitaka pasi yao, maana uraia wa nchi mbili hawaukubali. Hao tutawaandikia barua yao, tena kwa Kiswahili kikali zaidi.

Mama yangu yuko Pangani, presha inapanda na kushuka. Natarajia kupeleka maombi mwakani, kama miaka haitakuwa imeongezwa. Nimemsomea barua hii kwa simu. Anasema hana haraka, ila angependa kujua mapema ni mwezi upi hautawasumbua.

Wenu mtiifu,
Mlezi wa zamu ya usiku,
Leicester.