Goli la Jirani

Siku hizi hapa Voi huhitaji mganga kujua yajayo. Jirani mwenye redio anatosha.

Mimi nalipia mpira kama karo. Ligi ya Uingereza iko kwenye programu hii, ya Uhispania kwenye ile, na riadha imehamia kwingine. Kila moja ina nywila yake. Ya Ligi ya Mabingwa anaijua kifungua mimba wangu tu, naye yuko bweni, ambako simu ni marufuku. Afadhali mimi lakini: binamu yangu wa Taveta akisogea upande wa Holili, simu yake hudaka mtandao wa Tanzania na bando linagoma.

Tarehe 10 Agosti 2025 Harambee Stars walikuwa Kasarani na Morocco, mechi ya CHAN. Kwenye runinga yangu Morocco ndio wenye mpira. Ghafla jirani akapiga ukelele, honi zikaitikia kwenye steji ya bodaboda, mbwa nao wakachangia.

“Mzee, hongera, tumefunga,” akasema mama watoto, macho yako kwenye mchicha anaouchambua.

“Ngoja kwanza.”

Tukangoja. Kile kiduara kikaja, kikazunguka weee, kikaondoka. Ndipo Ryan Ogam akanifungia na mimi.

Kosa si la jirani. Picha ya intaneti hukatwa vipande vya sekunde chache chache, na programu huweka akiba ya vipande kadhaa kabla ya kukuonyesha, ili mtandao ukiyumba isikatike. Akiba hiyo ndiyo inayokuacha nyuma, hata nusu dakika.

Basi nikaugeuza ucheleweshaji kuwa dawa. Tulibaki wachezaji kumi baada ya kadi nyekundu, na kipindi cha pili kila Morocco walipokaribia lango nilitega sikio ukutani. Jirani kimya? Basi hawajafunga. Mechi ikaisha 1-0, nami presha imetulia kabisa.

Robo fainali na Madagascar, tarehe 22, ikafika penalti. Mchezaji wetu bado anaupanga mpira, ukutani nikasikia “Aaaai!” Hapo hata kutazama ni adhabu. Tukatolewa.

Sasa AFCON ya 2027 imepewa Kenya, Uganda na Tanzania. Jirani yangu, nakusihi mapema: penalti zikianza, punguza sauti ya redio na ya koo. Ama unikaribishe kwako. Viazi karai nitaleta mimi.