Mgeni wa Baridi Atua Tabora

Mpwa wangu anayesoma Ujerumani alikuja Krismasi na chupa moja ya mvinyo mwekundu wa bonde la Ahr, pamoja na masharti yake. Usitikiswe. Usiwekwe juani. Unywewe ukiwa wa baridi kiasi, nyuzi 14 au 15, lakini usigandishwe. Tulimsikiliza barazani kwa heshima zote, umeme ukiwa umekatika tangu asubuhi.

Safari yenyewe haikunishangaza. Mwaka 1871 Stanley alitoka Bagamoyo, akakaa hapa kwetu Tabora, pale Kwihara, kisha akaendelea hadi Ujiji na kumkuta Livingstone, mzigoni mkiwa na chupa ya champagne ambayo haijapata hata ufa. Mpagazi aliyeibeba sidhani kama alilambishwa hata kizibo. Hii yetu ilipanda ndege, halafu ikaja kwa treni juu ya reli ambayo Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912, kwa hiyo tuseme ilikuja kukagua kazi ya babu zake.

Shangazi aliitumbukiza kwenye mtungi wa maji ya kunywa, akauzungushia gunia bichi, akauweka penye upepo. Mpwa alitaka kubisha, ila baada ya saa mbili chupa ilitoka na ubaridi uliomridhisha.

Kuifungua sasa. Opena zetu zote ni za soda. Shemeji akaja na skrubu na koleo, akavuta, kizibo kikakatika katikati. Kipande kilichobaki akakisukumia ndani kwa mpini wa mwiko, mvinyo ukaruka na kutua kwenye shati jeupe aliloliandaa kwa misa ya mkesha. Tuliobahatika tulichujiwa kwa chujio la chai.

Mjomba akaonja, akakunja uso. "Huu si umechacha?"

Haukuchacha. Mjomba amezoea ule mtamu wa Dodoma, ambako jua halina huruma na zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Bonde la Ahr liko kaskazini kwenye baridi. Zabibu ya huko, Spätburgunder, ambayo Wafaransa huiita pinot noir, huiva polepole na kubaki na uchachu wake, na kwa kuwa ganda lake ni jembamba, mvinyo hutoka mwepesi, vidole vyako unaviona ng'ambo ya bilauri. Ukiusindikiza na mbuzi choma wa pilipili, kama alivyofanya kaka yangu kabla hajaambiwa, mdomo unawaka na mvinyo wenyewe huusikii. Kaka alimaliza jagi la maji akidai kwamba Wazungu wamemwekea sumu.

Kwa bahati mvua zilikuwa zimeshaanza, na mvua za Tabora ndizo zinazoleta uyoga wa miombo. Mtoto alitumwa barabarani, akarudi na beseni. Shangazi akaukaanga kwa kitunguu, akaumwagia karanga za kutwanga, akauacha jikoni hadi rojo ikashika mwiko. Tonge la ugali, uyoga, funda moja: ule uchachu uliomkera mjomba ukakata mafuta ya karanga, na harufu ya udongo wa msituni iliyomo kwenye uyoga ikamkuta ndugu yake ndani ya bilauri. Mjomba alinyamaza, na yeye hanyamazi hata kanisani. Baadaye tuliujaribu na mgebuka wa moshi kutoka Kigoma, ukakubali pia. Kuku wa kienyeji wa mchuzi usio na pilipili angefaa vilevile, bahati mbaya alikuwa bado anatembea uani.

Nusu ya chupa ilibaki. Mpwa akaiweka kabatini, akasema ni ya kesho, aipikie uyoga mwingine kwa utaratibu. Asubuhi akaikuta tupu, imeoshwa, imejazwa mafuta ya taa.

"Shangazi, mvinyo wangu?"

"Upo kwenye kachumbari ya jana usiku, baba. Na wewe ndiye uliyeongeza sahani mara mbili. Safari ijayo ulete siki hiyo hiyo, ila ya kifuniko cha kuzungusha."