Sweta Mkononi: Baridi Nane za Kufuata Desemba Ukitokea Mangina

Desemba hapa Mangina, mashariki mwa Kongo, ni mwezi wa kupanga safari, hata kwa asiye na nauli. Kakao imeuzwa, watoto wanakaribia likizo, na mbele ya kila duka yupo mtu anayetaja miji ya ng'ambo kwa sauti ya aliyekwisha kata tiketi. Basi tupange kwa haki. Sisi tunakaa chini ya kilomita mia moja kutoka Ikweta. Majira ya baridi hayatufuati, anayeyataka ayafuate mwenyewe.

Sheria ni tatu. Baridi iwe ya kukulazimisha kuvaa sweta. Njia iwe ya mtu wa kawaida. Na huko uone kitu ambacho hakipo Butembo, mji wa jirani. Mtu wa Butembo atasema kila kitu kipo Butembo. Tunamjua, tunampenda, tunaendelea.

8. Zanzibar

Unakwenda kutafuta baridi, unaishia kutafuta kivuli. Desemba kaskazi imeanza kuvuma, jua halina huruma, na bahari ni vuguvugu kama maji ya kumwogesha mtoto. Bustani ya Forodhani usiku ni raha tupu, urojo na pweza wa kuchoma, hapo sibishi. Lakini shindano hili ni la sweta.

Hukumu: nenda Julai. Wanaopinga waje wakiwa wamevaa koti.

7. Guangzhou

Wafanyabiashara wa Butembo wanaijua Guangzhou kuliko wanavyoijua Kisangani. Ukifika Xiaobei, mtaa ambao Waafrika wamefanyia biashara miaka mingi, utasikia Kifaransa, Kilingala na Kiswahili kabla hujamaliza kushusha mizigo. Lakini baridi? Januari ni wastani wa nyuzi 14 hivi. Hiyo Butembo inaitoa usiku bila viza. Na ukikosea tarehe ukaangukia Mwaka Mpya wa Kichina, viwanda vimefungwa, wafanyakazi wamerudi kwao vijijini, umebaki wewe na orodha yako ya vitenge.

Hukumu: safari bora ya kontena. Likizo, hapana.

6. Montreal

Hapa baridi haina mjadala: Januari, nyuzi 10 chini ya sifuri ni siku ya kawaida. Kifaransa kipo, hutapotea. Ajabu ni kwamba wenyeji wanaikimbia baridi yao wenyewe. Chini ya mji wana mtandao wa njia za zaidi ya kilomita 30, zenye maduka na stesheni za metro, mtu ashinde mjini bila kukanyaga theluji. Umevuka bahari kuifuata baridi, unawakuta wenye nayo wako chini ya ardhi.

Hukumu: baridi kumi kwa kumi, nauli sifuri kwa kumi.

5. Brussels

Hii ingepanda juu sana kama isingekuwa njia yake. Viza ya Schengen inaombwa Kinshasa, na Kinshasa kwa mtu wa Mangina ni ndege, zaidi ya kilomita 1,500 upande wa magharibi, kabla hata hujaambiwa ndiyo au hapana. Kwa nauli hiyo unakwenda Kampala, unarudi, unakwenda tena na mama mkwe.

Lakini ukifika, umefika. Mtaa wa Matonge, pale Ixelles, umebeba jina la Matonge ya Kinshasa: sombe ipo, makayabo yapo, na wasusi wanakuita kutoka mlangoni. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa hiyo chakula cha jioni unakula gizani na hakuna atakayekuuliza mbona mapema.

Kisha twende pamoja Galeries Royales Saint-Hubert. Pale ndipo Jean Neuhaus alipoanza kuuza pralini mwaka 1912, chokoleti yenye kitu laini ndani. Simama mbele ya kioo. Vipande vimepangwa mstari kwa mstari, kimoja kina mng'ao, kingine kimenyunyiziwa unga wa kakao, na muuzaji anavigusa kwa glavu. Mkulima aliyechachusha mbegu chini ya majani ya ndizi na kuzianika juani hapa Mangina ana haki ya kusimama pale kuliko mtalii yeyote duniani. Kakao inavuka mipaka bila kuulizwa karatasi ya benki. Mwenye shamba anaulizwa. Hilo linaniudhi, na nimeiondolea Brussels alama mbili nzima.

Hukumu: wakikupa viza, nenda kesho.

4. Dubai

Najua, najua. Nusu ya Butembo imesimama kudai namba moja. Kaeni kwanza.

Desemba ni mwezi mzuri wa Dubai: mchana nyuzi 25 hivi, mtaa wa Deira unatembeleka kwa miguu, na bei unaipigania hadi muuzaji acheke. Baridi, hata hivyo, wameifungia ndani ya jengo. Tangu 2005, pale Mall of the Emirates, kuna Ski Dubai: theluji ya mashine, mlima wa kuteleza, nyuzi moja au mbili chini ya sifuri, na pengwini wanaotembea kama wajumbe wa mkutano. Koti unapewa pamoja na tiketi. Ukitoka unalirudisha, na nje kuna jangwa.

Napenda juhudi hiyo, kwa kweli. Waliikosa theluji, wakaiunda. Lakini theluji yenye mlango na saa ya kufunga haiwezi kuishinda ile inayokaa wazi, na tutafika huko.

Hukumu: nne bora. Rufaa zinapokelewa.

Simama kidogo: Kasindi

Tatu zinazobaki zote zinapitia mpaka mmoja, Kasindi upande wetu na Mpondwe upande wa Uganda. Uliza habari za barabara asubuhi hiyohiyo ya safari. Mama anayeuza mkate stendi ya Beni ana taarifa mpya kuliko redio. Mwaka 2021 marais Museveni wa Uganda na Tshisekedi wa kwetu walizindua hapo ujenzi wa barabara za kilomita 223, ya Kasindi hadi Beni ikiwemo, na tangu hapo kila abiria ni mhandisi mwenye maoni.

Ukivuka, mambo mawili yanageuka. Saa inaruka mbele: saa nne ya Kasindi ni saa tano ya Mpondwe. Na magari yanahamia kushoto. Abiria wa kwetu hutazama upande usio sahihi kabla ya kuvuka barabara, hivyo mshike mtoto mkono. Lugha haigeuki: Wakonzo wa huko na Wanande wa kwetu wote ni Bayira, watu wamoja, na bei ya nanasi utaielewa pande zote mbili.

3. Kabale na Ziwa Bunyonyi

Karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku joto hushuka hadi kama nyuzi 10, na asubuhi ukungu unakaa juu ya ziwa na visiwa vyake kama haujalipwa kuondoka. Watu wanatembea wamejifunika mablanketi, na uji wa mtama uitwao obushera unaunywa ukipasha vidole.

Zamani njia fupi ilikuwa kushuka Rutshuru na kuvukia Bunagana. Bunagana ilitekwa na waasi wa M23 Juni 2022, kwa hiyo mtu wetu anazunguka kwa Kasindi na Kasese, mchana mzima ndani ya basi.

Tatizo la Kabale lina jina, na jina lake ni Lubero ya kwetu. Milima ileile, viazi vilevile, ng'ombe walewale, baridi ileile. Mtu wa Lubero akipelekwa Kabale atauliza safari inaanza lini.

Hukumu: nzuri sana kwa mtu wa Mangina, ambaye joto la msitu limemzoesha vibaya. Watu wa Lubero, rukeni hadi namba mbili.

2. Fort Portal, na kuteremka hadi Bundibugyo

Asubuhi ya Fort Portal ni sweta halali. Mashamba ya chai, maziwa yaliyokaa ndani ya mashimo ya volkano za kale, na mji wa ufalme wa Tooro, ambao mfalme wake Oyo alirithi kiti mwaka 1995 akiwa na miaka mitatu. Mtoto wako wa miaka mitatu hajaweza hata kurithi viatu vya kaka yake.

Raha yenyewe iko upande wa pili wa mlima. Bundibugyo wanalima kakao, kama sisi, na mkulima wa Mangina atasimamisha gari ili akague magonjwa ya miti ya watu. Sempaya kuna chemchemi za moto zinazoivisha yai. Na msitu wa Semuliki ni mkia wa msitu wetu wa Ituri: watalii wanatoka mabara ya mbali, wanalipa dola, ili waone ndege wa Kongo bila kuingia Kongo. Utamwona mzungu ametoa darubini, anatetemeka kwa furaha, kwa ndege anayekuamsha wewe kila siku.

Hukumu: baridi asubuhi, joto mchana, yai la bure la asili. Nani anakataa?

1. Rwenzori

Theluji ya kweli karibu na mstari wa Ikweta. Asubuhi isiyo na mawingu, ukiwa Beni, inaonekana kule mashariki, nyeupe, na watu wanaipita wakienda kazini.

Kilele cha Margherita kina mita 5,109, juu ya mlima wa tatu kwa urefu Afrika, na mpaka wa nchi mbili unapita hapohapo. Mwaka 1906 mwana wa kifalme wa Italia, Duke wa Abruzzi, alikifikia akakipa jina la malkia wa kwao. Cha pili akakipa jina la Alexandra wa Uingereza. Wabeba mizigo Wakonzo hawakuachiwa hata kilima.

Kwa kawaida tungepandia Mutwanga, upande wetu, kwenye hifadhi ya Virunga, na ningeandika hivyo kwa furaha. Kwa sasa njia inayotegemewa inaanzia upande wa Kasese, Nyakalengija au Kilembe, wiki nzima kwenda na kurudi, na Desemba hadi Februari ndio msimu usio na mvua nyingi. Gharama ya kufika kileleni ni kubwa, sifichi. Siku moja au mbili za vilima vya chini, na kinyonga wa pembe tatu, zinawezekana kwa kikundi kilichochanga.

Nimeipa namba moja kwa sababu theluji yake inaisha. Rwenzori ni milima sita iliyokuwa na barafu wakati wa Abruzzi. Mitatu kati yake, Emin, Gessi na Luigi di Savoia, haina tena hata kipande, na barafu iliyobaki inapungua. Dubai mashine zitatengeneza nyingine usiku wa leo. Hii hakuna anayeitengeneza.

Hukumu: nenda kwanza huku, hizo nyingine saba zitakusubiri. Beba gambuti badala ya viatu vya mjini, maana matope ya kule yanafika magotini, na jozi mbili za soksi za sufu. Ubishi pekee ninaoukubali ni huu: theluji ikiwa juu ya mstari wa mpaka, ni ya nani? Mimi nasema nusu ni yetu. Mkonzo wa Kilembe atasema yote ni ya Bayira, na hapo sina la kumjibu.