Koko na Mshindo wa Simba

Jumamosi umeme ulirudi saa moja ya usiku, nami nikatangaza: leo hakuna mtu kugusa telekomandi. Watoto wetu wakiweka filamu huruka mwanzo wote, kana kwamba jeneriki ni foleni ya bidoni bombani. Lakini Le Roi Lion ya 1994, nikawaambia, mwanzo ndiyo filamu yenyewe. Karibu dakika 4 hakuna mhusika anayesema neno. Jua linachomoza, mwimbaji Lebo M anaita kwa Kizulu, na wanyama wanaitika, kila mmoja anatoka kwake, mpaka kwenye mwamba wa mfalme. Yule nyani Rafiki anakiinua kitoto cha mfalme, wote wanainama.

Ili wasikie vizuri nikaazima bafle kwa jirani, nikaliegemeza ukutani. Hapo ndipo nilipokosea. Nyumba yetu hapa Keshero, mjini Goma, ni ya mbao, imekaa juu ya mawe ya volkano. Ukuta wenyewe ni ngoma.

Mama yangu, Koko wa watoto, alikuwa uani akikaanga sambaza. Sikumwambia kwamba wimbo ule unakatwa ghafla: mshindo mmoja, televisheni inakuwa nyeusi, jina la filamu linatokea kwa herufi nyekundu. Sahani zikalia kabatini. Koko akachungulia, akaona weusi ule na wekundu ule, na usiku wa tarehe 22 Mei 2021, volkano ilipolipuka, ukamrudia mwilini.

"Nyiragongo! Mutoke inje!"

Kufumba na kufumbua, kitinda mimba yuko mgongoni ndani ya kitenge, bidoni iko mkononi, na Koko yuko kwenye barabara ya Sake. Jirani, mwenye bafle lake, yuko nyuma yake na godoro kichwani. Mimi nilikimbia peku juu ya mawe. Nyayo zinaniuma hadi leo. Sambaza tukazikuta makaa.

Ili kumtuliza tukarudia mwanzo, sauti chini. Alitazama kimya mpaka kitoto kikainuliwa.

"Sherehe kubwa hivi," akasema, "na baba mdogo wa mtoto yuko wapi?"

Watoto wakanitazama. Mara ngapi nimeiona filamu hii, na swali hilo sijawahi kujiuliza, wakati ugomvi wote unatokea hapo hapo, kwa yule ambaye hakuja.

Akabaki mpaka mwisho, kiti chake kikiwa mlangoni. Kitoto kipya kilipoanza kuinuliwa nikakumbuka kwamba filamu hii inafungwa kwa mshindo ule ule. Nikarukia sauti.

"Acha," akasema Koko. Viatu alikuwa amekwisha vaa.